Jicho la nzi wa ndizi na swichi inayoharibiwa na kipindupindu

Wale nzi wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva sana tunawafukuza kwa mkono tu. (Si wale wakubwa wanaotoboa maembe, hao ni jamii nyingine.) Watafiti huwafuga kwa maelfu kwenye chupa, kwa sababu seli zao hupeana taarifa kwa njia inayofanana sana na ya kwetu.

Chukua jicho lake. Mwanga ukiigonga protini iitwayo rodopsini kwenye utando wa seli, rodopsini huamsha jirani yake wa ndani, protini ya G. Hii ni kama swichi: ikishika kemikali iitwayo GTP imewaka, ikiivunja GTP hiyo imezimika. Ikiwaka, huamsha kimeng'enya kiitwacho fosfolipesi C, milango ya seli inafunguka, kalsiamu na sodiamu zinaingia, nzi anaona. Yote hayo kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ndiyo maana kumpiga kofi ni kazi.

William Pak wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, alitafuta nzi waliozaliwa na kasoro ya kuona. Baadhi yao walikuwa vipofu kwa kukosa kimeng'enya hicho tu. Rodopsini wanayo, protini ya G wanayo, ila taarifa inaishia njiani.

Sasa, swichi lazima pia izime. Protini ya G hujizima yenyewe, na ndugu yake mmoja, Gs, yumo kwenye utumbo wetu. Sumu ya kipindupindu humnyima uwezo wa kuvunja GTP, hivyo swichi inabaki imewaka. Seli zinamwaga chumvi, maji yanaifuata, na mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa.

Bahati nzuri, sumu hiyo haigusi mlango mwingine wa utumbo, ule unaoingiza chumvi na sukari kwa pamoja, maji yakifuata nyuma. Ndivyo ORS inavyofanya kazi: sukari ile si ya kutia ladha, ndiyo inayoivusha chumvi. Pima maji safi kama pakiti inavyoelekeza, na mgonjwa anywe kidogo kidogo hata akitapika, mkiwa tayari njiani kwenda kituo cha afya.