Sokwe na Safura: Viumbe Wawili wa Kabambare

Kabla hajafika Nyangwe mwaka 1871, David Livingstone alikwama miezi kadhaa Kabambare, Maniema, kwa vidonda vya miguu. Katika shajara ya siku zile wamo viumbe wawili wa Maniema: soko, yaani sokwe wa msituni, na safura, ugonjwa wa mnyoo. Huyo wa pili mwandishi hakujua kuwa ni kiumbe.

Juu ya sokwe kila mtu alikuwa na lake. Wamanyema walisimulia kwamba humkamata mwindaji, akamng'ata ncha za vidole na kuzitema, lakini wanawake hawagusi. Wengine waliamini kwamba wafu wao hufufuka wakiwa masokwe. Mmoja aliyeuawa, walisema, alikuwa na masikio yaliyotobolewa kama ya mtu. Undugu huo haukumwokoa na chungu, maana nyama yake ilisifiwa. Livingstone yeye aliona matege na kitambi, akamlaumu mnyama kwa kukosa uungwana, kana kwamba alimtarajia aje na kofia. Baadaye Chuma na Susi, watumishi wake, walionyeshwa London gorila aliyekaushwa. Hawakukubali kwamba ndiye soko.

Safura haikuwa na ngano. Haionekani, haina uso, kwa hiyo watu walilazimika kumtazama mgonjwa. Anakula udongo, hasa wa kuta za nyumba. Miguu inavimba, pumzi inamkatika. Mbinya ukucha: damu isipoonekana chini yake, ni safura. Kipimo hicho cha upungufu wa damu hata muuguzi wa leo hawezi kukidharau.

Tiba aliyoiandika Livingstone ilitoka kwa baba wa mfanyabiashara Mohamad aliyekuwa naye: mavi ya chuma yaliyookwa hadi yakawa mekundu hutumbukizwa katika siki kuukuu ya mnazi, kisha huongezwa mvuje na chumvi ya chuma. Mgonjwa hunywa asubuhi na jioni kwa siku 7. Sidhani iliua mnyoo, lakini chuma ndicho hasa kinachompungukia aliyenyonywa damu. Livingstone, daktari aliyesomea Glasgow, alikisia nyongo iliyoganda. Hapa baba wa Mohamad alimshinda.

Mnyoo wa safura si tegu. Tegu hana kinywa wala utumbo; hufyonza chakula kilichokwisha kusagwa kupitia ngozi yake, na mwenyeji wake anaweza kuishi naye miaka bila kushuku. Wa safura hung'ata ukuta wa utumbo na kunywa damu. Mpagazi mmoja Mnyamwezi, aliyezoea mzigo mkubwa wa shaba, aliupata ugonjwa huo Lualaba, penye chakula tele, akawa hawezi hata kutembea vizuri.

Miguu iliyovimba waliiona wote. Kwamba mabuu huingilia kwenye ngozi, mara nyingi ya nyayo, kulijulikana mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa minyoo Arthur Looss alipojimwagia mabuu mkononi kwa bahati mbaya huko Kairo.