Kijapani cha mwanzo kwa mzungumzaji wa Kiswahili: sarufi, msamiati na namna ya kuomba msaada

Makala haya yanaeleza mambo ya awali ya sarufi na msamiati wa Kijapani kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Yanaonyesha pale ambapo lugha hizi mbili hukutana, pale zinapopishana, na namna mwanafunzi asiye na mwalimu wa kudumu anavyoweza kuwatumia wengine bila kupotoshwa. Mifano mingi imechukuliwa katika mazingira ya hospitali.

Mwanafunzi anayekusudiwa

Kolandoto ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, kando ya barabara iendayo Mwanza, mahali inapochepuka njia ya Lalago na Mwanhuzi. Pana hospitali ya kanisa la AICT na chuo cha sayansi za afya. Mwanafunzi wa uuguzi katika mazingira kama hayo aghalabu huzungumza Kisukuma nyumbani na Kiswahili wodini, na husoma vitabu vyake kwa Kiingereza. Kijapani kwake kitakuwa lugha ya nne.

Sababu ya kujifunza si udadisi peke yake. Mwezi Aprili 2019 Japani ilianza kutoa viza ya kazi kwa wageni wenye ujuzi maalumu, na kuwahudumia wazee ni miongoni mwa kazi zilizotajwa. Mwombaji hutakiwa kufaulu mtihani wa lugha: ngazi ya N4 ya mtihani wa JLPT, au mtihani wa JFT-Basic. Anayeomba kazi ya kuhudumia wazee hufanya pia mtihani wa lugha ya kazi hiyo. N4 ni ngazi ya pili kutoka chini, ya chini kabisa ikiwa N5. Kwa hiyo sarufi ya mwanzo ndiyo inayoamua kama mlango utafunguka.

Aidha, watumishi wengi wa afya nchini Tanzania wamekwisha kukutana na Kijapani bila kukitambua. Utaratibu wa 5S, ulioanzishwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007 na kuenea katika hospitali nyingine, umepata jina lake kutokana na maneno matano ya Kijapani: *seiri, seiton, seiso, seiketsu, shitsuke*. Tafsiri yake ya Kiswahili imehifadhi hata herufi ya kwanza: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia.

Sauti: faida ya Kiswahili na ya Kisukuma

Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Jina Kolandoto huandikwa kwa katakana, hati ya maneno ya kigeni, kwa alama tano: *ko-ra-n-do-to*. Mambo mawili yanaonekana hapo. Kwanza, *n* huhesabiwa peke yake, kama m ya «mtu» inavyosimama peke yake katika Kiswahili. Pili, Kijapani hakitofautishi l na r.

Ugumu uko katika urefu wa irabu na wa konsonanti, kwa sababu urefu hubadili maana:

- *obasan*: shangazi, au mwanamke wa makamo, *obaasan*: bibi
- *ojisan*: mjomba, au mwanamume wa makamo, *ojiisan*: babu
- *kite*: njoo, *kitte*: stempu
- *byouin*: hospitali, *biyouin*: saluni ya nywele

Msemaji wa Kisukuma ana mtaji hapa, maana lugha yake hutofautisha irabu fupi na ndefu. Vilevile Kisukuma ni lugha ya toni, na Kijapani hutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutofautisha baadhi ya maneno. Katika matamshi ya Tokyo, *hashi* yenye sauti ya juu mwanzoni ni vijiti vya kulia chakula; yenye sauti ya juu mwishoni ni daraja. Sikio lililozoea toni lisilazimishwe kuzisahau. Mwalimu anayewaambia wanafunzi waache «lafudhi ya kwao» kabla ya kuanza Kijapani huwanyang'anya chombo walichokuja nacho.

Mpangilio wa sentensi

Kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho. «Nakunywa dawa» ni *kusuri o nomimasu*, yaani neno kwa neno, «dawa nakunywa». Kijineno *o* huonyesha kuwa dawa ndiyo yambwa. Msamiati nao unakubaliana: *nomu* ni kunywa, na hutumika kwa dawa hata ikiwa ya vidonge, kama Waswahili wasemavyo «kunywa dawa».

Kijineno *no* hufanya kazi ya -a ya uhusiano, lakini kwa mpangilio wa kinyume. «Nyumba ya mwalimu» huwa *sensei no ie*, mwenye kitu akitangulia.

Vijineno *wa* na *ga* huwasumbua wengi, hasa vinapofafanuliwa kwa Kiingereza. Kiswahili cha mazungumzo kina njia fupi zaidi. Mtu husema: «Mimi kichwa kinaniuma.» Kiima cha kitenzi ni kichwa, ndiyo maana kitenzi kina ki-. «Mimi» imetangulizwa ili kutaja habari inamhusu nani. Kijapani husema *watashi wa atama ga itai desu*. *Wa* huandama anayezungumziwa, *ga* huandama kichwa. Anayeielewa sentensi ya Kiswahili ameshaielewa ya Kijapani.

Masimulizi: -ka- na -te

Kiswahili huonyesha wakati katika kitenzi cha kwanza, kisha huendelea kwa -ka-: «Aliamka, akanawa uso, akanywa dawa.» Kijapani hufanya vivyo hivyo kwa kugeuza upande. Vitenzi vya mwanzo huchukua umbo la *-te*, na wakati huonyeshwa na kitenzi cha mwisho: *okite, kao o aratte, kusuri o nomimashita*. Msikilizaji wa Kiswahili hujua mapema kuwa jambo limepita. Msikilizaji wa Kijapani hungoja mpaka mwisho wa sentensi. Mwanafunzi anayekatiza maelezo ya mwenzake katikati anaweza kukosa hata habari ya kama jambo limetendeka au halikutendeka, maana ukanushi nao hukaa mwishoni.

Mnyambuliko wa vitenzi

Lugha zote mbili huongeza viambishi baada ya mzizi. *Nomu* ni kunywa, *nomaseru* ni kunywesha. *Taberu* ni kula, *tabesaseru* ni kulisha. Ulinganifu huu husaidia kukariri, ila una mtego. «Kumlisha mgonjwa» katika Kiswahili ni tendo la huruma. *Tabesaseru* huweza kubeba maana ya kumlazimisha au kumruhusu mtu ale. Katika kazi ya kuhudumia wazee, neno linalotumika ni *shokuji kaijo*, yaani msaada wa wakati wa kula.

Ngeli na maneno ya kuhesabia

Kijapani hakina ngeli, lakini nambari zake hazisimami peke yake. Kwa kawaida hufuatwa na neno la kuhesabia linalolingana na aina ya kitu:

- watu wawili: *futari*
- vitabu viwili: *ni-satsu*
- karatasi mbili: *ni-mai*
- chupa mbili: *ni-hon*
- vidonge viwili: *ni-jou*
- mara mbili: *ni-kai*

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, wazo hili si geni: «wawili», «viwili» na «mbili» ni nambari ileile ikibadilika kwa kufuata nomino. Tofauti ni kwamba upatanisho wa Kiswahili huenea katika sentensi nzima, na ngeli hufuata neno lenyewe. Neno la kuhesabia la Kijapani hubaki kwenye nambari, na mara nyingi hufuata umbo la kitu. *Hon* ni kwa vitu virefu, *mai* ni kwa vitu bapa. Katika maelekezo ya dawa, kuchanganya *ni-jou* na *ni-kai* ni kuchanganya vidonge viwili na mara mbili.

Mitego mitano ya msamiati

*Saa.* Saa ya Kijapani huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri, si macheo na machweo. *Ni-ji* ina nambari mbili ndani yake, lakini ni saa nane. Saa mbili ni *hachi-ji*. Anayetafsiri nambari badala ya wakati hukosea kwa saa sita kamili.

*Kuja na kwenda.* Mtu akiitwa, kwa Kiswahili hujibu «Nakuja!» Kijapani hutazama kutoka aliposimama msemaji, hivyo jibu ni *ima ikimasu*, yaani «naenda sasa».

*Kuvaa.* Kiswahili huvaa kila kitu kwa kitenzi kimoja. Kijapani husema *kiru* kwa shati, *haku* kwa viatu na suruali, *kaburu* kwa kofia, *kakeru* kwa miwani.

*Maumivu ya mtu mwingine.* *Itai* ni neno la anayeumwa mwenyewe. Habari za mgonjwa huripotiwa kwa *itai to itte imasu*, «anasema anaumwa», au *itagatte imasu*, «anaonyesha kuumwa». Aina ya maumivu hutajwa kwa tanakali: *zukizuki* ni maumivu ya kupwita, *chikuchiku* ni ya kuchoma kama sindano. Kwa lugha yenye «nyeupe pe» na «kimya jii», tanakali si mapambo ya watoto. Kimya jii hata kina mwenzake wa Kijapani: *shiin*.

*Pole.* Hili ndilo neno linalopotea kwa urahisi zaidi likipitia Kiingereza. Pole husemwa hata na asiye na kosa lolote. Likigeuzwa kwanza kuwa neno la Kiingereza la kusikitika, kisha likatafutiwa Kijapani, hutoka *gomen nasai*, ambalo ni neno la kuomba radhi. Mhudumu anayemwambia hivyo mgonjwa aliyeanguka huweza kueleweka kuwa ndiye aliyemwangusha. Kwa mgonjwa mnayeagana, neno lifaalo ni *odaiji ni*, lenye maana ya «ujitunze». Kwa «pole na kazi», Kijapani kina neno linalolingana vizuri sana: *otsukaresama desu*.

Namna ya kuomba msaada

Wasaidizi wa mwanafunzi huwa wa aina tatu, na kila mmoja ana nguvu na upungufu wake.

*Mjapani asiye mwalimu.* Wajapani wa kujitolea wamekuwa wakifika Tanzania kupitia serikali yao tangu miaka ya 1960, na wengi hujifunza Kiswahili. Mtu kama huyo anajua kwa hakika kama sentensi ni sahihi, ila mara nyingi hawezi kueleza kwa nini, kama ambavyo Mswahili wengi hushindwa kueleza kwa nini ni «rafiki yangu» lakini «rafiki mzuri». Basi asiulizwe sababu. Apewe sentensi mbili aulizwe: «Wewe ungesema ipi, na ungemwambia nani?»

*Mwenzake aliyetangulia.* Huyu anakumbuka alipokwama, na anaweza kueleza kwa Kiswahili au Kisukuma. Hatari yake ni kwamba hufundisha pia makosa yake. Anafaa kuulizwa sababu, kisha jibu lake lipimwe kwa kitabu au kwa Mjapani.

*Kamusi na programu za kutafsiri.* Hizi zinafaa kwa neno mojamoja la kitu. Kwa salamu, pole, undugu na heshima, maana mara nyingi hupotea njiani. Njia ya kujikinga ni kutafsiri tena kutoka Kijapani kuja Kiswahili na kuona kama kilichorudi ndicho kilichotumwa.

Maswali matatu yafuatayo yakaririwe mapema:

- *Kore wa Nihongo de nan desu ka.* Hiki kwa Kijapani kinaitwaje?
- *Mou ichido onegai shimasu.* Rudia tena, tafadhali.
- *Kono bun wa tadashii desu ka.* Je, sentensi hii ni sahihi?

Anayejibiwa *hai* baada ya swali la kukanusha asibabaike. «Hujanywa dawa?» «Ndiyo», kwa maana ya «sijanywa», ni mantiki ileile ya Kijapani: *hai* hukubaliana na kauli ya muulizaji. Hapa Kiswahili kinatosha, na Kiingereza ndicho kinachopotosha.

Heshima na malipo ya msaada

Kijapani hubadili kitenzi kulingana na anayeambiwa. Mwanafunzi wa Shinyanga, aliyelelewa akijua kwamba mkubwa haamkiwi kama rika na kwamba «mwangaluka» ya asubuhi humwendea baba au mama kwa adabu yake, hahitaji kushawishiwa kuwa heshima ni sehemu ya sarufi. Aanze na maumbo ya *-masu* na *desu*, ambayo ni salama kwa mtu asiyemzoea, na aache maumbo ya mkato mpaka amekaribishwa kuyatumia.

Msaada nao ni wa kupeana. Kiswahili hufundishwa katika vyuo vikuu vya Japani, kikiwemo Chuo Kikuu cha Osaka, na anayekisoma huhangaika na ngeli kama Mtanzania anavyohangaika na *wa* na *ga*. Nusu saa ya Kijapani kwa nusu saa ya Kiswahili ni mapatano ya haki. Tena humwondolea mwanafunzi aibu ya kuuliza, kwa kuwa muda si mrefu zamu ya kuulizwa itakuwa yake.

Tazama pia: mnyambuliko, ngeli, pole, saa, tanakali za sauti, toni.