Kuhamisha magari ya biashara kwenda gesi: hesabu iko wapi?

Wasikilizaji wetu wenye teksi zaidi ya moja wanauliza kama inalipa kuyatoa magari yote kwenye petroli na kuyafunga mfumo wa gesi. Jibu linategemea kilomita, na kwa Dar es Salaam linategemea pia foleni.

Gesi yenyewe ni gesi asilia, ile inayochimbwa Songosongo na Mnazi Bay, ikishindiliwa kwenye mtungi kwa mgandamizo wa takriban baa 200. Injini haibadilishwi. Fundi anaongeza mtungi, mabomba, kifaa cha kupunguza mgandamizo na kompyuta ndogo ya kupima gesi. Gari linawaka kwa petroli, injini ikipata joto linahamia kwenye gesi, na gesi ikiisha linarudi kwenye petroli.

Tupige hesabu. Katikati ya 2024, jijini Dar es Salaam, kilo ya gesi iliuzwa takriban shilingi 1,550 na lita ya petroli ilipita 3,200. Kilo moja inafanya kazi ya lita 1.3 hivi. Teksi ya kilomita 150 kwa siku, inayokwenda kilomita 10 kwa lita, inakunywa petroli ya shilingi 48,000. Kwa gesi ni kama 18,000. Zinabaki 30,000. Kama kufunga mfumo kumegharimu milioni 1.8, pesa imerudi ndani ya siku 60 za kazi. Gari la ofisi linalotembea kilomita 20 tu kwa siku litachukua siku 450. Hilo liache kwenye petroli.

Sasa foleni. Mtungi wa lita 60 unabeba kilo 10 hivi, yaani kilomita 130. Teksi yetu ya mfano haimalizi siku bila kujaza tena, na vituo bado ni vichache. Dereva akikaa saa mbili kituoni, safari alizokosa zinakula ile 30,000. Mwenye magari kumi apange zamu za kujaza usiku kabla hajanunua mtungi hata mmoja. Na kwa wanaobeba abiria wa uwanja wa ndege: mtungi unakaa kwenye buti, begi zitakosa nafasi.

Malori ya dizeli ni habari nyingine. Injini ya dizeli haina plagi za kuwasha gesi, hivyo ama inachanganya dizeli na gesi, ama inafanyiwa matengenezo makubwa.

Jambo moja hatutalizungusha: mtungi wa gesi ya kupikia haufungwi kwenye mfumo huu. Ule umetengenezwa kwa mgandamizo mdogo sana. Ukitiwa baa 200 utapasuka. Dai karakana ikupe cheti cha mtungi chenye namba inayolingana na iliyogongwa kwenye chuma, na tarehe ya kuupima upya. Ukisikia harufu ya gesi ndani ya gari, zima injini, fungua milango, funga valvu ya mtungi na msukume gari hadi mahali pa wazi.