bana (data)
bana kt [ele] (tarakilishi) fanya data ichukue nafasi ndogo zaidi bila kupoteza chochote. Nomino: *ubanaji*. Kinyume: *banua*.

Katika urudufishaji wa hifadhidata, kwa mfano wa MySQL, seva asili hubana mabadiliko kabla ya kuyatuma, na seva nakala huyabanua yanapowasili: *Seva hizi hubana data kwa zstd, kiwango cha 3.* Mtandao hupumua, prosesa hubeba mzigo. Kwa seva zilizo katika chumba kimoja faida huwa ndogo.

Matumizi. Wapo wanaoandika *punguza data*. Kosa hili lina madhara. Kinachopungua ni ukubwa tu, nayo data hurudi ilivyokuwa, herufi kwa herufi; msimamizi anayesoma kwamba "seva itapunguza data" ana haki ya kuhofia kuwa rekodi zinafutwa, akauzima ubanaji wenyewe. *Gandamiza* inaeleweka, ila inafaa zaidi kwa hewa na udongo. Kwa mwenye simu, *kubana data* ni kuacha kutazama video ili bando lisiishe, lakini muktadha hutenganisha maana hizo mbili.

Taz. pia *muunganisho* (mi-), njia iliyo wazi kati ya seva mbili. Tendo la kuifungua ni *uunganishaji*. Tofauti hii si ya sarufi tu: namna ya kubana hukubaliwa wakati wa uunganishaji, kwa hiyo mpangilio ukibadilishwa, muunganisho ulio hai huendelea kama ulivyokuwa hadi ukatwe na kufunguliwa upya.