Wanafunzi wa pedago: namna ya kujitayarisha kwa juri na kwa mtihani wa serikali

Hapa Kongo, mwalimu wa shule ya msingi anapata ruhusa yake ya kwanza ya kufundisha mu diploma ya serikali, opsyo ya pedagojia. Ni ile diploma watu wa mashule wanaita D6. Maana yake, kijana anaweza kutoka ku benchi ya shule katikati ya mwaka, na mwezi wa tisa akasimama mbele ya watoto makumi wa mwaka wa kwanza, yeye peke yake, na chaki mkononi.

Ndiyo maana mtihani wa serikali, Exetat, kwa wale wa pedago hauko sawa na kwa wengine. Wengi wanafikiri kujitayarisha ni kukariri maulizo ya miaka iliyopita. Lakini kuko sehemu moja yenye haikaririwi: somo lenye mwanafunzi anafundisha yeye mwenyewe mbele ya juri. Ukurasa huu unafasiria mtihani uko namna gani, na namna ya kujipanga mapema.

Mtihani uko na sehemu mbili

Exetat ilianza mwaka 1967. Inafanywa mwishoni mwa mwaka wa nne wa humanite. Wazazi wengi wangali wanasema "mwaka wa sita", juu zamani sekondari ilihesabiwa kutoka moja mpaka sita. Siku hizi miaka miwili ya kwanza iko ndani ya elimu ya msingi, inaitwa wa saba na wa nane.

Sehemu ya kwanza inaitwa orsesyo, na inakuja mbele ya sesyo ya kawaida. Hapo mwanafunzi anaandika insha ya Kifaransa, ile disertasyo, anasema Kifaransa kwa mdomo, na wale wa pedago wanapita mbele ya juri.

Sehemu ya pili ni sesyo ya kawaida, siku nne: elimu ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsyo. Kila ulizo liko na majibu kadhaa, na mwanafunzi anachagua lile la kweli.

Juri inatafuta nini

Siku ya juri, mwanafunzi anapewa somo na darasa la msingi. Anaandika fishi ya matayarisho, kisha anafundisha watoto wa kweli. Inspekta na walimu wanakaa nyuma na kuandika.

Hawatafuti mtu wa kusema Kifaransa kikubwa. Wanatazama kama watoto wameelewa. Mwanafunzi anaweza kusema vizuri dakika zote, na mwishoni mtoto hata mmoja hawezi kufanya zoezi. Hapo somo halikufaulu.

Fishi: anzia ku lengo

Fishi iko na kichwa chake: somo, darasa, vifaa, kitabu, na lengo. Kisha inafuata hatua tatu. Kwanza kazi za kuanzia: kukumbusha somo lililopita, kuamsha hamu ya watoto, kutangaza somo la leo. Pili kazi kubwa: kuchambua na kukusanya pamoja. Tatu kazi za kupima: mazoezi.

Wengi wanakosea ku lengo. Wanaandika "mtoto ataelewa majumlisho" ao "atajua majumlisho". Kuelewa hakuonekani kwa macho. Andika kitendo chenye juri inaweza kuhesabu: "Mwishoni mwa somo, mtoto ataweza kujumlisha namba mbili za tarakimu mbili zenye kushika, na kupata haki majumlisho matatu kati ya manne." Kama lengo limeandikwa hivyo, zoezi la mwisho limekwisha kujulikana, na somo lote linakuwa njia ya kufika pale.

Mfano: 34 + 18 mu mwaka wa pili

Vifaa havina bei. Okota vijiti, funga kumi kumi na kamba ya mgomba. 34 ni vifungo vitatu na vijiti vinne. 18 ni kifungo kimoja na vijiti vinane.

Mwite mtoto mbele, akusanye vijiti vile havifungwe: vinne na vinane, kumi na viwili. Muulize: tunaweza kufunga kingine? Mtoto anafunga kumi, vinabaki viwili. Mwingine ahesabu vifungo: vitatu, kimoja, na kile kipya, vitano. Jibu ni 52. Sasa tu njo unaandika ku ubao. Ile "moja ya kushika" yenye watoto wanakariri bila kujua inatoka wapi, wameishaiona mikononi mwao.

Kisha inakuja dakika yenye juri inangojea. Unaandika 27 + 25, mtoto anasema 42. Mwalimu mwenye woga anasema "hapana!" na anaita yule mwenye akili wa benchi ya mbele. Mwalimu aliyejitayarisha anamrudishia mtoto vijiti, anamwambia: "Tuonyeshe." Mtoto anafunga kumi, anahesabu vifungo upya, anaona kimoja alikisahau. Anajisahihisha yeye mwenyewe, na darasa lote limefundishwa naye. Kwa hiyo, wakati wa kuandika fishi, jiulize: watoto watakosea wapi? Andika kosa hilo pembeni, na utakachofanya.

Makosa yenye yanarudi

Kusoma fishi mbele ya watoto. Kuuliza benchi ya mbele tu. Kukubali majibu ya pamoja, "ndiyooo mwalimu", bila kujua nani ameelewa. Kujaza ubao mpaka hakuna anayeona. Kutumia wakati wote ku kazi kubwa na kukosa dakika za mazoezi. Kumdharau mtoto aliyekosea.

Haya hayaponi kwa usiku mmoja. Yanapona mu staji. Usifanye staji juu ya kupata sahihi tu. Omba kufundisha, na mwenzako akae nyuma akiandika: nimeuliza watoto wangapi? Nilimaliza saa ngapi? Kama hakuna darasa karibu, juu ya kukimbia ao shule kufungwa, kusanya watoto wa mtaa ama wa kambi chini ya mti. Watoto kumi na ukuta wa kuandikia vinatosha.

Lugha

Mtihani unaandikwa kwa Kifaransa, lakini mtoto wa mwaka wa kwanza wa huku kwetu anafikiri kwa Kiswahili ao kwa lugha ya nyumbani. Katiba inahesabu Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 inakubali lugha za taifa na za mazingira katika kufundisha. Kwa hiyo jizoeze njia zote mbili. Uweze kufasiria "kushika" kwa Kiswahili chenye mtoto anaelewa, na uweze kuandika fishi kwa Kifaransa bila makosa.

Siku nne za sesyo

Hapa maulizo ya zamani yanasaidia, lakini si kwa kukariri herufi ya jibu. Chukua ulizo, ficha majibu, jibu wewe mwenyewe, kisha tazama. Kwa yale mengine, jiulize juu ya nini si kweli. Pedagojia, saikolojia na didaktiki zinaelewa haraka kama unazifunga ku watoto wenye uliwafundisha mu staji.

"Majibu" yenye yanazunguka ku simu usiku wa mbele ya mtihani, acha. Maulizo yako na seri mbalimbali, karatasi yako si ile ya jirani, na simu haikubaliwi mu chumba. Pesa ya kushiriki nayo inapangwa na viongozi. Wazazi waombe risiti. Chochote kinachoombwa pembeni bila karatasi, waulize ni cha nini. Tunza buletini na vitambulisho mu plastiki, pahali penye unaweza kuvichukua mbio.

Nyuma ya diploma

Tuseme ukweli: diploma si mshahara. Ili kulipwa na serikali, mwalimu anapaswa kuwa na namba ya matrikule kwa DINACOPE, ile zamani ilikuwa SECOPE. Wengi wanafundisha wakingojea, wanaitwa N.U. Na tangu masomo ya msingi yalikuwa ya bure mu shule za serikali, mwezi wa tisa 2019, yule asiyelipwa hana tena motivasyo ya wazazi ya kumshika mkono. Mbele ya kukubali nafasi, uliza mkubwa wa shule kama shule iko ku orodha ya kulipwa. Tunza nakala ya kila barua, hasa ile ya kupewa kazi.

Mtu akipata diploma ya njia nyingine kwa kununua, mara nyingi yeye njo anapata hasara. Huku kwa pedago hasara inahamia kwa wengine: watoto wa mwaka wa pili wenye watakariri "moja ya kushika" miaka yote bila mtu wa kuwaonyesha kijiti. Vijiti viko njiani. Anza kuviokota mwaka huu, usingoje wiki ya juri.