Karanga za Kagunga na chikichi za Rumonge

Wiki iliyopita mmoja wetu aliuliza hapa kikundini: ni kweli karanga zinanenepesha? Majibu yakawa mengi, mengine ya kuchekesha. Mimi nilinyamaza, maana swali lilinirudisha mbali kidogo. Leo najibu, ila nitazunguka. Mnivumilie.

Naanza na chikichi, kwa sababu Rumonge bila michikichi si Rumonge. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kandokando ya ziwa, ukienda kusini kama kilomita 70, unaona miti hiyo mpaka unachoka. Kirundi tunaiita ibigazi. Imekuwepo mwambao huu wa Tanganyika tangu zamani. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa pili mwaka 1858, waliikuta huko, na mafuta yake yakiuzwa.

Watu wakisikia mchikichi wanafikiria mawese tu, yale ya kupikia isombe. Kumbe tunda moja lina vyakula viwili. Nyama ya nje unaichemsha na kuifyonza. Ndani inabaki kokwa ngumu kama jiwe. Unaiweka juu ya jiwe bapa, unaipiga kwa jiwe jingine: ukizidisha nguvu kiini kinasagika, ukipunguza haivunjiki. Kinachotoka ni kidogo kama ncha ya kidole, kigumu, chenye mafuta. Kigoma wanaviita mise. Kupata kiganja kimoja cha mise ni kazi ya jioni nzima, na wakati huo mdomo unasimulia hadithi. Sijawahi kuona mtu akila mise kwa haraka. Na ilikuwa heri, kwa sababu mafuta ya mise ni yale yanayoganda, ambayo yakizidi hayaufai moyo. Wazee hawakupimwa kolestro, ila lile ganda liliwapimia chakula.

Karanga ni mgeni kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, zikaletwa Afrika na Wareno. Kabla yake Waafrika walikuwa na njugu mawe. Lakini mgeni huyu alizoea haraka, akapata jina la Kirundi, ibiyoba, na akaingia kwenye mboga, kwenye uji na kwenye mifuko ya watoto wa shule. Nazo zilikuja na ganda: unabana, unafungua, unapata mbili, unatafuna, unabana tena.

Sasa historia yenyewe. Aprili 1972 uasi ulianzia upande wetu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Kisha serikali ya Micombero ikajibu kwa mauaji makubwa zaidi nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania. Bibi yangu alikuwa msichana aliyeolewa karibuni. Aliacha michikichi kumi na saba. Anaijua idadi mpaka leo. Alipelekwa Ulyankulu, Tabora, na huko hakuna ziwa. Akajifunza kulima karanga.

Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliandika kwamba wakimbizi warudi na wapate mali zao. Kuandika ni rahisi. Nyumbani tulirudi mwaka 2008, mimi nikiwa mgongoni kwa mama, na shamba lilikuwa na watu. Si kwamba walikuwa wezi, na wao waliwekwa pale na waliokuwa na mamlaka, wakazaa pale, wakazika pale. Baada ya vikao vingi shamba likagawanywa nusu kwa nusu. Bibi alipata michikichi sita. Kwa miezi hakuwasalimia. Halafu siku moja mama wa nyumba ile alileta kokwa zake kuja kuzivunja kwetu, kwa sababu jiwe zuri lilibaki upande wetu. Wakaanza hivyo, kila mmoja na rundo lake, wakitafuna bila kuongea. Mimi naona jiwe lile lilifanya kazi kuliko vikao, lakini hayo ni maoni yangu.

Mwaka 2015 tukakimbia tena, mara hii mpaka Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Waliokuwepo wanakumbuka. Makumi ya maelfu ya watu kwenye ufuko mwembamba, wakisubiri Liemba iwapeleke Kigoma, na kipindupindu kikiwa katikati yetu. Chakula chetu kilikuwa karanga mbichi alizofunga bibi kwenye pindo la kitenge. Alitugawia kumikumi. Nilizibugia zote mara moja, akanikasirikia, kisha akaniwekea moja kiganjani: "Iangalie. Imenye. Itafune mpaka iwe uji, ndiyo umeze, ndiyo uombe nyingine." Kumi zilichukua muda mrefu mno. Nilipomaliza, njaa ilikuwa imelegea. Baadaye nilisoma kwamba tumbo huchukua kama dakika 20 kuuambia ubongo kuwa limepokea kitu. Bibi hakusoma hayo popote.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeuliza: gramu 100 za karanga zina karibu kalori 570 na gramu 25 za protini. Kiganja kimoja, kama gramu 30, ni msaada mkubwa, hasa kwetu ambao mwaka 2023 mgao ulishuka hadi nusu na nyama tunaisikia kwa jirani. Ile pakiti ya Plumpy'Nut wanayopewa watoto wenye utapiamlo, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1996, ni karanga hizohizo pamoja na maziwa, sukari, mafuta na vitamini. Karanga si adui. Shida ni hizi tunazonunua sokoni zimeshamenywa, zimekaangwa na chumvi, ndani ya kifuko. Unamimina mdomoni huku macho yako kwenye simu, kifuko kinaisha, hujui hata zilikuwa na ladha gani. Nunua zenye ganda ukiweza. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu, tupa, usiihurumie: ukungu ule una sumu inayodhuru ini, na kuikaanga hakuimalizi.

Mwezi uliopita mtu alitoka Kigoma akamletea bibi chikichi kwenye mfuko wa plastiki. Alizichemsha, akafyonza, akaanika kokwa siku kadhaa juu ya bati. Jiwe la hapa halifai, anasema, ni laini, linatoa unga. Amevunja kwa shida kumi na saba, akatuita. Tulikuwa watu watano. Akagawa tatutatu, mbili zilizobaki akazifunga kwenye pindo.