Kirangozi na Daftari

Katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara karne ya 19, mtu wa mbele aliitwa kirangozi. Yeye ndiye aliyejua mto unavukwa wapi, maji ya kunywa yanapatikana wapi, na kijiji gani hakipitiki bila kulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Nyuma yake, safari nyingine, alifuata mgeni mwenye dira na daftari, akiuliza majina na kuyaandika kama sikio lake lilivyoyapokea. Ramani ikichapishwa Ulaya, jina lililowekwa chini yake lilikuwa la mwenye daftari.

Historia ya ramani za Kisangani, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na msitu unaouzunguka mji huo ni historia ya watu hao wawili. Leo daftari limeingia ndani ya simu, na wanaotengeneza programu za ramani wanakabiliwa na swali ambalo wasafiri wa zamani hawakujiuliza: kirangozi akitaka kushika daftari mwenyewe, liwe daftari la namna gani?

Januari 1877 msafiri Henry Morton Stanley alikuwa akiteremka mto Lualaba. Alikuta maporomoko saba yaliyotandaa kwa kilomita 100 hivi, kati ya mahali ulipo mji wa Ubundu sasa na palipokuja kujengwa Kisangani. Mitumbwi ilibebwa nchi kavu, na mara nyingi safari ilikuwa ya mapigano na wakazi wa kingo. Vyombo vya kupimia jua na nyota vilimwambia yuko digrii ngapi kutoka ikweta. Havikuweza kumwambia mahali hapo panaitwaje, na mtu anayepita akirusha risasi hana wa kumuuliza. Maporomoko yakapewa jina lake mwenyewe. Wagenia, waliokuwa wakivua hapo kwa madema makubwa yanayoning'inizwa kwenye magogo juu ya mkondo, hawakuhojiwa. Mji uliokua karibu na kituo kilichoanzishwa mwaka 1883 uliitwa Stanleyville hadi mwaka 1966.

Waswahili nao walikuwa na jiografia yao. Tippu Tip, mfanyabiashara aliyefanywa liwali wa eneo hilo mwaka 1887 kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alisimamia biashara ya pembe na watumwa bila karatasi yenye mistari. Umbali ulihesabiwa kwa mwendo wa siku, na njia ilikaa kichwani mwa aliyekwisha kuipita. Ilikuwa elimu ya kutosha kwa mwenye nayo. Udhaifu wake ni kwamba haikuweza kuwekwa mezani mbele ya ofisa na kuwa ushahidi.

Wakati wa ukoloni, daftari lilinenepa. Mwaka 1933 Wabelgiji waliunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo makao yake makuu ya utafiti yalikuwa Yangambi, kama kilomita 100 kufuata mto chini ya Kisangani. Katika miaka ya 1950 ulianza mfululizo wa ramani za udongo na uoto wa Kongo, na karatasi ya Yangambi ilitoka mwaka 1956. Kazi ya namna hiyo ilihitaji njia nyembamba zilizonyooka kukatwa msituni kwa panga, na mashimo kuchimbwa ili rangi za udongo zionekane. Waliokata na kuchimba walikuwa vibarua Wakongo. Ramani ilisimulia kwa uangalifu mkubwa udongo mwekundu unaishia wapi. Kwamba mahame fulani ni ya ukoo gani, au kijito fulani ni mpaka wa akina nani, hayo hayakuwa maswali yake.

Badiliko kubwa la vifaa lilitoka angani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, Marekani ilikuwa ikiichafua kwa makusudi ishara ya GPS iliyotolewa kwa raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Uchafuzi huo ulipozimwa, kifaa kidogo cha mkononi kiliweza kuonyesha mahali kwa kosa la mita kumi au ishirini hivi. Chini ya miti mirefu ya Tshopo, mkoa uliko mji wa Kisangani, hali ni ngumu zaidi, kwa sababu majani mabichi na mashina hudhoofisha ishara na kuipotosha. Anayepima hujifunza kusimama, kutafuta uwazi kidogo, na kusubiri.

Watafiti wa wanyama walikuwa miongoni mwa walionufaika. Kuanzia mwaka 2007, timu ya John na Terese Hart ilizunguka kwa miguu msitu wa Lomami, kusini magharibi mwa Kisangani. Mwaka huohuo, katika mji wa Opala, walimwona kima aliyefugwa nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Sayansi haikumjua, watu wa hapo walimwita lesula. Mwaka 2012 alitangazwa rasmi kuwa aina mpya, na mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaanzishwa. Hata wenye GPS walilazimika kuanza kwa kuuliza jina.

Wazo la kumkabidhi kifaa yule anayejua lilikuwa tayari limejaribiwa kusini mwa bara. Katikati ya miaka ya 1990, Louis Liebenberg wa Afrika Kusini aliona kwamba wasoma nyayo hodari mara nyingi hawakusoma shule, hivyo ujuzi wao ulikuwa ukipotea. Pamoja na mtaalamu wa kompyuta Justin Steventon alitengeneza CyberTracker, programu ya kompyuta ya mkononi iliyotumia picha mahali pa maneno. Mtumiaji aligusa picha ya mnyama, kisha ya alichokuwa akifanya, na GPS ikaongeza mahali. Katika hifadhi ya Karoo, wasoma nyayo Karel Benadie na James Minye walirekodi malisho ya faru, na majina yao yakaandikwa pamoja na ya wenzao kwenye makala ya kisayansi. Kirangozi alikuwa ameshika daftari.

Miaka kumi hivi baadaye wazo hilo lilifika kaskazini mwa Kongo-Brazzaville. Mwanaanthropolojia Jerome Lewis aliwasaidia Wambendjele, wakazi wa msitu wa huko, kuonyesha miti na mahali ambapo kampuni ya mbao haikupaswa kugusa: makaburi, miti ya dawa, miti ya viwavi wanaoliwa. Picha zilichaguliwa pamoja nao. Kutokana na juhudi hizo, kundi lililoanzishwa na Lewis na Muki Haklay katika chuo kikuu cha University College London lilitengeneza Sapelli, programu ya simu iliyopewa jina la mti wa msitu wa Kongo.

Hapo wabunifu wakapata somo ambalo hawakulitarajia. Walidhani wakiondoa maandishi wameondoa kikwazo. Lakini picha zilikuwa zimepangwa kwa matawi: gusa mti, ndipo ije dawa, chakula au kaburi. Kwa aliyesoma shule, mpango huo ni wa kawaida kama sura za kitabu. Kwa ambaye hakukaa darasani, haukuwa wazi hata kidogo, na wengi walipotelea katikati. Wabunifu wakarudi nyuma. Mojawapo ya majibu yao ilikuwa kadi za kushikika, kila moja na picha yake. Mtu alisogeza simu karibu na kadi, nayo ikaitambua. Kadi zinaweza kutandazwa chini, zikajadiliwa na kundi zima. Kioo cha simu kina nafasi ya kidole cha mtu mmoja.

Huku Tshopo, haja ya ramani ililetwa na sheria. Kanuni ya Misitu ya mwaka 2002, katika kifungu cha 22, iliruhusu jamii kupata msitu inaoumiliki kwa desturi. Utaratibu ulichelewa hadi agizo la tarehe 2 Agosti 2014. Jamii inaweza kupewa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda, kwa sahihi ya gavana wa mkoa. Ombi lake lazima liambatane na ramani. Kwa hiyo elimu ya kichwani, ambayo zamani haikuweza kuwekwa mezani, sasa ilitakiwa mezani. Na mkoa wenyewe, uliozaliwa mwaka 2015 mkoa wa zamani wa Orientale ulipogawanywa, ni mkubwa kuliko mikoa yote ya nchi, karibu kilomita za mraba 200,000.

Kazi hii huanza kwa mchoro, chini mchangani au kwenye karatasi kubwa. Wazee, wanawake, wawindaji na vijana huchora vijito, mahame, mashamba, mabwawa ya kuvulia. Wanawake mara nyingi huongeza mahali ambapo wanaume hawakupataja, kwa kuwa wao ndio wanaokwenda huko. Ndipo wachache waliochaguliwa na kijiji hufundishwa kifaa na kuingia msituni, na majirani hualikwa kutembea nao mpakani ili ugomvi usizuke baadaye. Ramani ya muda hurudishwa kijijini isomwe na kukosolewa kabla ya kuidhinishwa.

Mwendo huo ndio unaoipima programu. Mtandao haupo, basi lazima ifanye kazi bila mtandao na kutunza kila kitu hadi mtu arudi mjini. Umeme haupo, basi isile betri. Kidole kina jasho na mvua inanyesha, basi vitufe viwe vikubwa na kosa lisahihishike. Jua la uwazini hufifisha kioo, basi rangi zitofautiane sana. Lugha nayo ni jambo: Kisangani wanachanganya Kiswahili na Kilingala, na vijijini kila eneo lina lugha yake, ilhali fomu nyingi hutoka mjini kwa Kifaransa.

Picha za satelaiti hazikuondoa haja ya kwenda kuuliza. Mwaka 2014 mradi wa Missing Maps ulianza kukusanya watu wa kujitolea wachore nyumba na barabara za nchi maskini kutoka picha za angani, kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Lakini Ebola ilipotangazwa mkoani Équateur Mei 2018, chini zaidi kwenye mto huohuo, ramani zilizosambazwa ziliweka baadhi ya vijiji na mipaka ya kanda za afya mahali pasipo pake. Paa huonekana kutoka angani. Jina la kijiji lazima litamkwe na mtu.

Katika mikutano ya kurudisha ramani kijijini, jina la kijito lililokosewa husahihishwa, alama iliyo ng'ambo isiyo yake huhamishwa. Lipo pia ombi la kufuta. Mahali pa matambiko palipopimwa kwa uangalifu, wazee huweza kusema pasionekane kwenye nakala inayokwenda ofisini. Baadhi ya ramani za jamii mtandaoni tayari zina ngazi za ruhusa, ili si kila mgeni aone kila kitu. Kwa mbunifu ni kitufe kimoja zaidi. Kwa kijiji ni haki ambayo Wagenia hawakupewa mwaka 1877: kuamua wenyewe kipi kiandikwe, kwa jina gani, na kipi kibaki kwa kirangozi.